Moshi tunaouona na gesi tusizoziona: fundi wa friji wa Nairobi kuhusu gesi joto na tabianchi

Mwanzilishi wa uzi

Wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi vya magari, na karakana yangu iko karibu na Barabara ya Kirinyaga, hapa Nairobi. Kazi hii nimeifanya kwa miaka 19. Katika miaka 10 ya mwanzo nilifungua mabomba ya mamia ya friji na kuiacha gesi iliyobaki ndani itokee hewani, kwa kuwa ndivyo alivyofanya fundi aliyenifunza, na hakuna aliyetuambia vinginevyo. Gesi hiyo haina rangi. Hutoka kwa mlio mfupi, kisha kazi huendelea.

Ninaanzisha uzi huu kwa sababu kila tabianchi inapojadiliwa tunazungumzia moshi wa matatu, mifuko ya plastiki na taka zilizoziba Mto Nairobi. Hayo ni maovu, na mengine yanaua watu. Hata hivyo, kinachoipasha dunia joto hasa ni gesi ambazo jicho halizioni, na nadhani kule kutoonekana kwake ndiko kumetufanya tuzichanganye na uchafu wa kawaida.

Jua hutuletea nishati kwa njia ya mwanga, na hewa huupisha sehemu kubwa ya mwanga huo hadi ardhini. Ardhi ikishapata moto huirudisha nishati hiyo angani, lakini sasa si kwa mwanga unaoonekana, bali kwa mnururisho wa joto, ule ule unaouhisi usoni unapokaa mbele ya jiko la makaa ambalo ndimi zake zimekwisha na kubaki kaa jekundu. Naitrojeni, ambayo ni asilimia 78 ya hewa, na oksijeni, ambayo ni asilimia 21, haziuzuii mnururisho huo, kwa kuwa molekuli zake zina atomi mbili za aina moja na hazitikisiki kwa namna inayoweza kuunasa. Mvuke wa maji, kaboni dayoksaidi, methani na naitrasi oksaidi zina molekuli za atomi tatu au zaidi, ambazo hujipinda na kutikisika zikiunasa mnururisho huo, kisha huutoa tena kila upande, ukiwemo upande wa chini tulipo sisi.

Wakulima wa chai wa Limuru wameliona jambo hili kwa macho yao. Sakitu, yaani umande ulioganda, inayounguza majani ya chai haiji usiku wa mawingu mazito. Huja usiku wa Januari au Februari, anga likiwa safi, nyota zote zikionekana na hewa ikiwa kavu, kwa sababu usiku kama huo hakuna mawingu wala mvuke wa kutosha wa kulizuia joto la ardhi lisipae. Bila gesi hizi zinazonasa joto, ziitwazo gesi joto, wastani wa joto la uso wa dunia nzima ungekuwa takribani nyuzi 18 chini ya sifuri, badala ya nyuzi 15 hivi. Gesi hizi, basi, ndizo zilizoifanya dunia ikalike, na shida imetokana na sisi kuziongeza.

Jina zilizopewa na wanasayansi wa ng'ambo, greenhouse gases, limetokana na kivungulio, yaani nyumba ya plastiki au kioo ya kukuzia mimea, kama vile vya wakulima wa maua kule Naivasha. Ulinganisho huo una kasoro ambayo afadhali niitaje mapema: kivungulio hupata joto hasa kwa sababu kuta zake huzuia hewa yenye joto kupaa na kuchanganyika na hewa ya nje, ilhali gesi joto huzuia mnururisho.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1856 mwanamke Mmarekani aitwaye Eunice Foote aliweka gesi mbalimbali katika mitungi ya kioo juani, akaona kwamba ule wenye kaboni dayoksaidi ulipata joto zaidi na kuchelewa kupoa. Miaka mitatu baadaye John Tyndall alipima jinsi gesi hizi zinavyonasa mnururisho wa joto, na mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden akakokotoa ni kiasi gani dunia ingepata joto iwapo kaboni dayoksaidi ingeongezeka maradufu. Tangu 1958 gesi hiyo inapimwa mfululizo huko Mauna Loa, Hawaii. Mwaka huo ilikuwa sehemu 315 hivi kati ya sehemu milioni moja za hewa. Leo imepita 420, na kabla ya enzi ya viwanda ilikuwa 280. Sisi wenyewe tuna kituo cha kupima hewa kwenye mteremko wa Mlima Kenya, kinachoendeshwa na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, na ninasikitika kwamba ni wachache sana miongoni mwetu wanaojua kipo.

Sasa nije kwenye kazi yangu. Gesi ambayo sisi mafundi huiita 134a, iliyojazwa katika friji nyingi za miaka iliyopita na katika viyoyozi vya magari mengi yanayopita Thika Road, huipasha dunia joto takribani mara 1,400 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito ule ule, ikipimwa kwa kipindi cha miaka 100. Kiyoyozi cha gari dogo hubeba karibu nusu kilo. Nusu kilo hiyo ikitoka hewani ni sawa na kilo 700 za kaboni dayoksaidi, na lita moja ya petroli ikichomwa hutoa kilo 2.3 hivi. Kwa hiyo fundi anayefungua vali kwa dakika chache ili kuumwaga mfumo ametoa hewani joto la lita 300 za petroli, na mwenye gari hata hajawasha injini. Nilipofanya hesabu hiyo kwa mara ya kwanza niliirudia mara tatu, nikiamini kwamba nimekosea mahali pa kuweka nukta.

Karibuni tujadiliane. Nitajibu kadiri ninavyojua.

Mchangiaji, Umoja

Fundi, ahsante kwa uzi huu, lakini kuna hesabu moja inanitatiza. Lita moja ya petroli haifiki hata kilo moja kwa uzito. Inawezekanaje itoe zaidi ya kilo mbili za gesi?

Mwanzilishi wa uzi

Swali zuri, ndugu yangu. Uzito uliozidi unatoka katika hewa yenyewe. Lita ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, na katika hizo kaboni ni kama gramu 630. Petroli inapoungua, kila atomi ya kaboni hujishikiza kwenye atomi mbili za oksijeni iliyovutwa na injini kutoka nje. Kaboni ina uzito wa 12, oksijeni 16, na zile mbili ni 32, jumla 44. Zidisha gramu 630 kwa 44, ugawe kwa 12, utapata kilo 2.3. Nusu kilo ya moshi mweusi ingemfanya dereva asimamishwe na polisi barabarani, lakini kilo mbili za gesi hii hutoka kwa kila lita na hakuna anayegeuza shingo.

Mchangiaji, Kayole

Tulipokuwa shuleni tulifundishwa kwamba tabaka la ozoni limetoboka, na kwamba joto la jua linaingia kupitia tundu hilo. Je, si hiyo ndiyo sababu ya joto kuzidi? Tena nakumbuka friji zilitajwa.

Mwanzilishi wa uzi

Nashukuru umeuliza, kwa sababu huu ndio mkanganyiko ninaoukuta mara nyingi zaidi, hata kwa mafundi wenzangu. Ozoni iliyo juu sana angani hutukinga na miale ya jua inayounguza ngozi na kudhuru macho. Upungufu wake mkubwa juu ya Antaktika ulitangazwa mwaka 1985, na ulisababishwa na gesi zenye klorini zilizotumiwa katika friji na makopo ya kupulizia. Miale inayopenya kwa sababu hiyo ni hatari kwa mwili, lakini siyo inayoongeza joto la dunia. Joto linaongezeka kwa sababu linalotoka linazuiwa, si kwa sababu linaloingia limezidi.

Friji zimetajwa katika visa vyote viwili kwa sababu ya kweli. Gesi ya zamani, ile tunayoiita 12 (R12 kwenye vibandiko), ilikuwa inaharibu ozoni na papo hapo ilikuwa gesi joto yenye nguvu ya zaidi ya mara 10,000 ya kaboni dayoksaidi. Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuiondoa sokoni, na mahali pake zikaja gesi kama 134a, ambazo haziidhuru ozoni hata kidogo. Tukashangilia. Ilichukua muda mrefu watu kukubali kwamba tulikuwa tumeziba tundu moja na kuliacha lingine wazi, hadi Oktoba 2016 mataifa yalipokutana Kigali na kukubaliana kuzipunguza gesi hizi mpya nazo. Inakadiriwa kwamba makubaliano hayo yakitekelezwa kikamilifu yanaweza kuepusha hadi nusu nyuzi ya ongezeko la joto kufikia mwisho wa karne hii. Kwa mkataba unaohusu friji na viyoyozi, hilo si jambo dogo.

Mchangiaji, Ngara

Mimi ni mwalimu mstaafu, na naomba kuuliza kwa niaba ya wanaoona haya kuuliza. Sehemu 420 kati ya milioni ni asilimia 0.04 tu. Kitu kidogo namna hiyo kinawezaje kuitawala hewa yote? Pili, umesema mvuke wa maji nao ni gesi joto, na mvuke ni mwingi kuliko kaboni dayoksaidi. Mbona hatuambiwi tupunguze mvuke?

Mwanzilishi wa uzi

Shikamoo, Mwalimu. Nianze na mfano wa kazini. Matone machache ya maji yakiachwa ndani ya mabomba ya friji huganda kwenye mdomo wa ule mrija mwembamba, na friji nzima hugoma ingawa gesi imejaa na kompresa ni nzima. Udogo wa kiasi hautuambii chochote mpaka tujue kitu hicho kinafanya kazi gani na kiko mahali gani.

Jibu lenyewe ni kwamba ile asilimia 99 ya naitrojeni na oksijeni haishiriki katika kunasa mnururisho, kwa hiyo haifai kuwekwa kwenye mizani. Tunaopaswa kuwahesabu ni wanaofanya kazi. Miongoni mwa hao, kaboni dayoksaidi ni ya pili baada ya mvuke, na sisi tumeiongeza kwa nusu ya kiasi ilichokuwa nacho.

Kuhusu mvuke, umegusa kiini. Ni kweli kwamba ndio unaonasa joto jingi zaidi. Lakini mvuke haukai angani. Kwa wastani hushuka kama mvua baada ya siku tisa au kumi, na kiasi ambacho hewa inaweza kukibeba hutegemea joto la hewa hiyo. Kila nyuzi moja ikiongezeka, hewa huweza kubeba asilimia 7 zaidi ya mvuke. Tukiumwaga mvuke hewani leo, wiki ijayo umekuwa mvua. Tukiongeza kaboni dayoksaidi, sehemu yake itabaki angani kwa karne nyingi, itaipasha hewa joto, na hewa hiyo itabeba mvuke zaidi ambao nao utaongeza joto. Mvuke unafuata nyayo za kaboni dayoksaidi.

Asilimia hizo 7 zina maana kwetu sote tuliokuwa hapa Aprili 2024. Hewa yenye mvuke mwingi ikiachilia mvua huiachilia kwa wingi, na tuliona Mathare ilivyosombwa. Sisemi kwamba gesi joto peke yake ndiyo iliyoleta maafa yale, kwa maana nyumba zilizojengwa ukingoni mwa mto na mitaro iliyoziba zina sehemu yake, na El Niño ilikuwa imetutembelea miezi michache kabla. Hewa hiyo hiyo yenye joto, mvua zinapokosa kunyesha, huunyonya unyevu wa udongo kwa kasi zaidi, na ndugu zetu wa Marsabit, Wajir na Turkana waliyaona hayo tangu mwisho wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua mfululizo ilipowapita.

Mchangiaji, Kariobangi

Mimi ni mama wa watoto watatu na nyumba yangu haiko mbali na jaa la Dandora. Moshi wa pale unaingia ndani usiku na mchana, na mtoto wangu mdogo hakohoi kikohozi cha kawaida. Nikisoma kwamba moshi sio unaopasha dunia joto, nahisi kana kwamba shida yetu imewekwa kando.

Mwanzilishi wa uzi

Mama, pole sana wewe na mtoto, na niwie radhi kama maneno yangu yamesikika hivyo. Moshi huo unawadhuru nyinyi leo hii, na hauhitaji kuwa gesi joto ndipo ukomeshwe. Tena masizi meusi yaliyomo ndani yake nayo hunyonya joto la jua, ingawa hudondoka baada ya siku chache.

Lakini Dandora ina jambo la pili, na hilo ndilo lisiloonekana. Jaa lile lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1970 na likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na bado malori yanamwaga. Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni mabaki ya chakula, maganda ya ndizi, sukumawiki iliyooza na kadhalika. Taka hizo zikifukiwa chini ya nyingine hukosa hewa, na vijidudu vinavyoweza kuishi bila oksijeni huzigeuza kuwa gesi ambayo karibu nusu yake ni methani. Methani hukaa angani kwa miaka 12 hivi, lakini katika muda huo mfupi ina makali: ukipima kwa miaka 100 ni mara 28 hivi ya kaboni dayoksaidi, na ukipima kwa miaka 20 ni mara 80 au zaidi. Ndiyo hiyo pia huwaka chini kwa chini na kuufanya moto wa jaa usizimike, kwa hiyo moshi wako na gesi joto hapo vinatoka kwenye chungu kimoja.

Methani inanipa matumaini kuliko gesi nyingine yoyote, kwa sababu hutoweka upesi. Tukiacha kuizalisha, angahewa hupata nafuu ndani ya miaka tutakayoishi kuiona. Maganda ya soko la Wakulima na la Gikomba yakitenganishwa na taka nyingine yanaweza kuwa mbolea, chakula cha mabuu wa kulisha kuku, au gesi ya kupikia. Kazi hizi tayari zinafanyika mjini hapa kwa kiasi kidogo, na zinastahili kufanywa kwa kiasi kikubwa.

Mchangiaji, Kabete

Naomba kuongeza kuhusu ng'ombe, kwa sababu methani ikitajwa watu huanza kuwalaumu wafugaji. Ng'ombe hutoa methani hasa kupitia mdomoni, kutokana na uchachu wa majani katika tumbo lake la kwanza. Ni kweli kwamba mifugo ni chanzo kikubwa sana cha gesi joto za Kenya. Lakini kwa miaka mingi viwango vilivyotumiwa kukadiria methani ya mifugo ya Afrika vilitegemea zaidi vipimo vya kwingineko. Hapa Kabete, katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo ya ILRI, ng'ombe wetu huingizwa katika vyumba maalumu na pumzi yao hupimwa. Ng'ombe anayekula majani makavu hutoa methani nyingi kwa kila lita ya maziwa. Akipata lishe bora, maziwa huongezeka na methani kwa kila lita hupungua. Mfugaji hapotezi chochote hapo.

Mchangiaji, Lang'ata

Yote haya ni mazuri, lakini naona tunajibebesha mzigo wa wengine. Septemba 2023 viongozi wa Afrika walikutana hapa katika ukumbi wa KICC kujadili tabianchi, wakasema wazi kwamba bara hili limechangia kidogo sana. Waliotajirika kwa makaa ya mawe waanze wao. Fundi wa Kirinyaga Road aachwe atafute riziki yake.

Mwanzilishi wa uzi

Ndugu, kuhusu haki nakubaliana nawe bila kusita, na ninaomba neno langu lisichukuliwe kuwa la kuwatetea. Kwa kuwa kaboni dayoksaidi haitoweki upesi, iliyotolewa na babu zao bado iko juu ya vichwa vyetu. Marekani peke yake imetoa takribani robo ya yote iliyotolewa na binadamu tangu enzi ya viwanda, na Afrika nzima ni asilimia 3 hivi. Deni hilo lipo na linapaswa kudaiwa kwa sauti kubwa.

Ila sitaki tusahau jambo moja. Umeme wetu, takribani asilimia 90, unatokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Marsabit na jua. Katika nchi inayochoma makaa ya mawe, madhara makubwa ya friji ni umeme inaoutumia. Hapa kwetu ni kinyume: umeme ni safi, kwa hiyo gesi iliyo ndani ya bomba ndiyo madhara yenyewe kwa sehemu kubwa. Na watu wanapozidi kupata uwezo, na joto likizidi, kila nyumba itataka friji na kila ofisi kiyoyozi. Tena friji kuukuu zinazotupwa huko ng'ambo huletwa hapa kama mitumba zikiwa na gesi ambazo wenzetu wameziacha, na anayezifungua ni mimi. Anayeniuzia friji hiyo amenihamishia na mabaki ya deni lake, na nikiimwaga gesi ile barabarani nimelilipa kwa niaba yake bila yeye kujua.

Riziki ya fundi haipotei pia. Gesi iliyonyonywa na kusafishwa hutumika tena, na mtungi mpya wa 134a si bei rahisi.

Mchangiaji, Kayole

Fundi, nimekuelewa. Nyumbani kuna friji ya marehemu baba, imekufa tangu mwaka jana, na kijana wa vyuma chakavu amekuja mara mbili akitaka kuikata. Nifanye nini?

Mwanzilishi wa uzi

Asiikate kabla gesi haijatolewa. Tazama kibandiko kilicho nyuma, karibu na kompresa. Kikiandikwa R600a, hiyo ni isobutani, jamaa wa karibu wa gesi ya kupikia. Haina madhara makubwa kwa tabianchi lakini hushika moto, kwa hiyo asikaribishwe mtu mwenye tochi ya kuchomelea. Kikiandikwa R134a, ndani kuna gramu 100 hadi 150 iwapo haijavuja. Kikiandikwa R12, tafadhali usimruhusu yeyote aiguse hata kwa bisibisi, kwa maana gesi kidogo iliyomo humo inalingana na zaidi ya tani moja ya kaboni dayoksaidi.

Ilete Jumamosi asubuhi. Nina mashine ya kunyonya gesi niliyoinunua kwa pamoja na mafundi wengine wawili, na mtungi wa kuihifadhia, ambao jana jioni ulikuwa na kilo 9 na gramu 400. Nikishamaliza kutoa gesi, chuma ni chako, na huyo kijana unaweza kumwita Jumamosi hiyo hiyo alasiri.